Ukingo wa Achai

Mimi si mtu wa ndege. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza jina la kila kitu chenye mabawa. Mimi ni mtu wa mabati, misumari na boriti. Duka langu liko Kakuma mjini, kando ya barabara iendayo Lokichoggio, na watoto wa kambini huniita Mama Mabati ingawa jina langu ni Wahu na kwetu ni Nyahururu. Kabla ya mvua za mwaka 2013, ndege pekee niliyemjua vizuri ni kuku, na huyo nilimjua akiwa kwenye sufuria.

Achai ndiye aliyeniingiza katika mambo haya, na hata yeye hakuyatafuta. Achai alikuwa mfyatuaji wa matofali. Alifika Kakuma mwaka ule ule kambi ilipoanza, msichana tu, ametembea kwa miguu kutoka upande wa Bor, na tangu hapo hakuondoka. Mwanamke mrefu, mpole wa maneno, lakini akishughulikia matofali yake, wee! Alikuwa na mtindo wake wa kuuza. Anainua tofali mpaka usawa wa kiuno, analiachia lianguke mbele ya mteja. Halafu anakutazama. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona tofali la Achai likivunjika, na wateja wake wote nikawa nawapokea mimi, maana mtu akishapata ukuta anataka paa.

Alikuwa ameolewa akiwa mdogo. Mume akarudi Sudan kupigana na habari zake zikaishia hapo. Walipata mtoto mmoja, Mayen, akafa kwa homa hapo hapo kambini. Achai alinieleza siku moja tukiwa lagani, kwenye ule mto mkavu, yeye akikanyaga udongo kwa miguu. "Alikuwa ameanza kusimama," akasema, na hakuacha kukanyaga. Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliniambia nisogee kidogo nisichafue viatu.

Tangu mtoto huyo azikwe, nyumba ya Achai haikuwahi kukosa watoto. Wa dada yake, wa jirani aliyekufa, wa mtu asiyejulikana kabisa. Wengine sasa wako Juba, mmoja ana duka la kinyozi Eldoret, mwingine yuko Australia na hupiga simu kila Krismasi na kuongea mpaka salio liishe. Hakuna hata mmoja aliyemzaa. Ukimuuliza kwa nini anajitesa, anakuambia, "Chakula iko, mtoto iko, shida iko wapi?" Kiswahili chake kilikuwa hivyo, cha kambini, na sisi sote tulimwelewa.

Mwisho wa mwaka 2012 wakaja watatu kwa mpigo, ndugu wa tumbo moja, kutoka Jonglei kulikokuwa kukichomeka. Arek, msichana wa kama miaka kumi. Atem, mdogo wake. Na Yar, kitinda mimba, ambaye Arek alimbeba ubavuni hata mtoto alipokuwa amelala. Afisa wa watoto kutoka Lodwar, Mkalenjin mmoja anaitwa Sally, akawaacha kwa Achai. Atem alizoea upesi, na Yar alizoea kifua cha Achai siku ya kwanza. Arek hakusema neno. Si kwamba alikuwa bubu. Alikuwa akimnong'oneza Yar, nilimwona. Sisi wengine hakuwa na la kutuambia.

Kisha Aprili mvua zikanyesha. Sijui nikuelezeje mvua ya Kakuma kama hujaiona. Mwaka mzima laga ya Tarach ni mto wa mchanga, mbuzi wanalala katikati yake. Halafu siku moja inashuka maji mekundu na magogo. Nyumba ya Achai ikalowa, ikalegea, ikalala chini. Walitoka wote salama na sufuria mbili. Wakahamia chini ya hema la plastiki nyuma ya nyumba ya Godelieve, Mkongomani aliyekuwa mwenzake katika kazi ya matofali, mama mnene mwenye sauti inayofika mjini bila simu.

Sally alipokuja kukagua, alisimama mbele ya lile hema akitikisa kichwa. "Mama Achai, watoto watatu chini ya plastiki, na jua hili? Mwisho wa Mei nikirudi nataka kukuta kuta na paa. Vinginevyo itabidi niwahamishe."

"Utapeleka wapi?" Achai akauliza.

"Kuna familia tatu ziko tayari."

"Tatu?"

"Hakuna inayoweza kuchukua wote, mama. Nimeuliza."

Hakuwa mtu mbaya. Alimfuta Yar kamasi kwa leso yake mwenyewe kabla ya kupanda gari. Lakini nilimwona Arek akimshika Atem mkono, na hakumwachia mpaka jioni.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Nyumba ya matofali kwa Achai? Hiyo ilikuwa kazi ya kutema mate tu. Nilijua pia ana udongo. Na hapa lazima nieleze, maana ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Sehemu kubwa ya laga ile ni mchanga na chumvi, na tofali la huko halistahimili hata kikohozi. Udongo wenye nguvu uko mahali pachache, kwenye kingo. Achai alikuwa na ukingo wake tangu zamani, ameukata kwa jembe ukasimama wima, laini, mrefu kunizidi. Wafyatuaji wana sheria yao ambayo hakuna serikali iliyoitunga. Jioni ukimaliza kuchimba, unasiriba ukingo wako kwa tope jepesi, usipasuke kwa jua, na unabandika kiganja chako katika tope. Ukingo uliosiribwa una mwenyewe. Ukikaa wiki kadhaa bila kusiribwa, umeachwa, na anayekuja na jembe halali yake. Watu wamewahi kupigana kwa ajili ya kiganja kimoja.

Basi maji yalipopungua, Achai akabeba jembe na karai akaenda ukingoni kwake. Akarudi karai tupu.

"Kuna ndege," akasema.

"Ndege gani?"

"Wameingia ndani ya ukingo."

Nilikwenda kuona kwa sababu mimi ni mbea, nakiri. Ukingo mzima ulikuwa umetobolewa matundu, na ndege walikuwa wakiingia na kutoka bila kupumzika. Wadogo, wa kijani, koo jeupe, mstari mweusi machoni, na mkiani wana manyoya mawili marefu yanayofuata nyuma. Wanaimba kama filimbi ya polisi aliyechoka. Ni wazuri, sikatai. Na chini ya kichaka cha mwiba, mbali kidogo, alikuwa ameketi Arek, amemweka Yar mapajani, akiwatazama.

Siku hiyo hiyo jioni, Achai aliniambia, msichana alimvuta gauni na kusema maneno yake ya kwanza katika nyumba ile. "Wale wa shimo la juu ni watano." Achai akaacha ugali ukaungua.

Kuanzia hapo Arek akawa anaongea, lakini na Achai peke yake, na juu ya ndege peke yake. Fulani ameleta kerengende. Fulani ameleta nyuki, akampigapiga kwenye mti kwanza mpaka mwiba ukatoka. Achai alikuwa akisikiliza huku mikono imelala magotini, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona amekaa mikono mitupu.

Wakati huo akatokea Byron. Huyu alikuwa kijana wa Kakamega aliyekuwa akiishi Lodwar, na kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege. Jamani! Mtu anaamka asubuhi, anavaa viatu, anakwenda kuhesabu ndege, na mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye naye akacheka, akasema hata mama yake bado hajaelewa. Alikuwa amesikia habari za ukingo akaja na darubini yake.

"Hawa ni keremkerem," akasema. "Wanakaa misituni huko magharibi, Kongo na kwingineko. Wakati wa kuzaa wanakuja huku kwenye ukame, mvua ikinyesha. Kule Lodwar, kingo za Turkwel walizokuwa wakizitumia nyingi zimeisha, malori yamebeba mchanga wote. Sijaona kundi kubwa hivi muda mrefu."

"Kwa nini kwangu?" Achai akauliza.

"Kwa sababu wewe umeunyoosha, mama. Ukingo ukisimama wima, nyoka na kenge hawapandi. Wewe ndiye uliyewajengea."

Achai akaangalia jembe lake kana kwamba limemsaliti.

Arek alikuwa amesogea. Hakuongea na Byron, lakini alimwonyesha shimo la juu kisha akanyoosha vidole vitano. Byron akatazama kwa darubini muda mrefu. "Ana macho huyu," akasema. "Kweli ni watano. Wawili ndio baba na mama. Hao wengine ni wasaidizi."

"Wasaidizi wa nini?" nikauliza. "Nao wanalipwa kama wewe?"

"Wa kulisha vifaranga. Wengi wao ni waliopoteza vifaranga vyao, mama. Nyoka ameingia, au shimo limebomoka. Hawakai bure. Wanakwenda kwa ndugu zao, wanalisha wa huko. Nchi kavu kama hii, wazazi wawili peke yao mara nyingi hawawezi. Wadudu wakiwa haba, wanaweza wasitoe hata mmoja. Shimo lenye wasaidizi ndilo linalojaza kundi. Bila hao, wangekuwa wameisha zamani."

Nilimtazama Achai. Alikuwa akijikwangua tope kwenye kiwiko, polepole, mahali ambapo tope lilikuwa limekwisha kutoka.

"Hiyo naijua," akasema.

Byron akamwomba aache ukingo ule mpaka vifaranga waruke. Mwezi mmoja hivi, labda zaidi kidogo. "Wakiondoka chimba unavyotaka, na ukichimba unawanyooshea ukuta wa mwaka ujao. Lakini sasa hivi kila jembe ni nyumba ya mtu."

"Na nyumba yangu mimi?"

Kijana wa watu akaanza kufuta vioo vya darubini ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake Achai alipita ukingo wake bila kusimama, akaenda mbali juu ya laga, kwenye ule udongo wa mchanga, akachimba huko. Alifanya kazi kama mtu aliyefukuzwa. Matofali yalipokauka nilikuwepo. Akainua moja mpaka kiunoni, akaliachia. Likapasuka vipande vitatu. Akainua la pili, likawa unga. Akabaki anatazama chini, na mimi nikapandwa na hasira, hasira ya kumpenda mtu.

"Achai, una wazimu? Mwezi unaisha! Watoto watagawanywa kama mbuzi kwa sababu ya ndege ambao hawalipi hata ushuru?"

Hakunijibu kwa ukali, na afadhali angenijibu kwa ukali. "Mama Mabati, sikia. Arek alikuja kwangu hana maneno. Hii ndege ndiyo ilimpa. Nikipiga jembe pale, nitapata nyumba, nitapata mtoto, lakini atanyamaza tena, na atanyamaza kwa sababu yangu mimi. Halafu nitakuwa na nini ndani ya nyumba?"

Nilizidi kukasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikaenda nyumbani nikawagombeza watu wasiohusika.

Kilichobaki ni kuomba muda. Achai akachukua ruhusa ya kutoka kambini, na kwa kuwa nilikuwa nakwenda Lodwar kuchukua mzigo wa misumari, tukapanda lori pamoja. Watoto wakabaki na Godelieve. Serikali ya kaunti ilikuwa changa wakati huo, ofisi zilikuwa zinahama, kwenye korido viti vimepandana mpaka dari. Tulimkuta Sally katikati ya makaratasi, amevua viatu chini ya meza.

Achai alikuwa amejiandaa njia nzima. Akasimama, akasema, "Naomba mpaka ndege ziruke."

"Mpaka nini?"

Nikajaribu kusaidia, nikaharibu zaidi. Nilieleza keremkerem, nikaeleza wasaidizi, nikaeleza kiganja kwenye tope, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Sally alisikiliza yote, lazima niseme. Kisha akajikanda macho.

"Mama Achai, mimi nakuamini. Lakini siwezi kumwambia mkubwa wangu kwamba watoto wanalala nje kwa ajili ya ndege. Kesho nina safari ya Kakuma. Nitapita na gari. Uwafungie nguo zao."

Achai akasema asante. Asante! Tulilala kwa rafiki yangu, na asubuhi mapema lori likaturudisha. Njia nzima nilimshika mkono. Ulikuwa mgumu na mkavu, na aliuacha ndani ya wangu.

Tulipofika lagani tulisikia kelele kabla ya kuona. Ndege walikuwa wanazunguka hewani, wengi, wakilia ule mlio wao lakini kwa kasi. Na ukingo ulikuwa laini. Hapakuwa na tundu hata moja. Ulikuwa umesiribwa kutoka juu mpaka chini, vizuri kabisa, tope linaanza kubadilika rangi kwa jua, na viganja vimebandikwa kila mahali. Arek alikuwa amepiga magoti chini yake, na sare ya shule, anakwangua kwa kucha. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Godelieve alikuwa kando, mikono kichwani.

"Nilisiriba miye," akasema alipotuona. "Achai, dada yangu, nilisiriba miye."

Ilikuwa hivi. Asubuhi, watoto wamekwenda shule, Godelieve alikuta wanaume wawili wenye majembe wamesimama mbele ya ukingo. Walimwambia haujasiribwa wiki nyingi, hauna mwenyewe. Akawafukuza kwa matusi ya Kifaransa na mengine ambayo hayana lugha. Kisha, ili wasirudi, akachanganya tope akaweka alama ya mwenzake. Alijua Achai hataki ukingo uguswe kwa ajili ya ndege. Alidhani wanatua tu pale kukamata wadudu, na kwamba anawalinda pia. Arek na Atem walipotoka shule wakati wa mapumziko kuja kuwaangalia ndege, wakakuta ukuta mtupu.

"Bandege aba nabajua tangu utoto!" alilia kwa Kiswahili cha kwao. "Kule kwetu Kisangani banakuja kila mwaka, banakaa juu ya michikichi, banakula maganda ya chikichi. Hatujawahi kuona yai yao, hatujawahi kuona nyumba yao. Nilisema banalala ku miti! Yale mashimo nilisema ni ya panya, yatabomoa ukingo ya Achai. Mungu wangu, miye nilibasalimia nikiwa nasiriba!"

Nani angemlaumu? Sisi tuliwajua ndege wakiwa wazazi, yeye aliwajua wakiwa wageni kwao. Achai hakumlaumu. Alimwekea mkono mgongoni akipita, akaenda kwa Arek, akaushika mkono wake ule wenye damu.

"Polepole. Ukipiga kwa nguvu utaangusha ukingo yote. Shimo iko wapi?"

Arek akatazama ule ukuta laini. Hakujua. Alikuwa akiyajua yote kwa moyo, lakini bila matundu hakukuwa na mwanzo. Kisha akageuka, akatutazama sisi watu wazima tuliosimama hapo, na akapiga kelele kwa Kiswahili, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Kaeni chini! Rudini nyuma, mkae chini! Wakituona hawashuki!"

Tukarudi nyuma, tukakaa. Mimi na mwili wangu huu, chini kwenye mchanga wa moto. Atem akalala kifudifudi. Nyuma yetu nikasikia mlango wa gari ukifungwa, nikajua ni nani. Sally alikuja akitembea kwa shida mchangani, faili kwapani. "Mama Achai, nimekutafuta kule kwenye..."

"Kaa chini wewe!" Arek akasema.

Na Sally akakaa. Na sketi yake ya ofisi.

Ndege mmoja akashuka. Akajibandika kwenye ukuta mtupu, kucha kwenye tope, mdudu mdomoni, akipigapiga mahali pamoja kwa kifua. Arek akatambaa, ndege akaruka, na msichana akaweka kidole pale pale. Achai akafuata na njiti ya ufagio, akachokoa taratibu, akazungusha. Tope likaingia ndani. Tundu likafunguka. Wakarudi nyuma wote wawili, na kabla hawajakaa vizuri ndege alikuwa ameshaingia.

"Pale," Arek akasema. "Na pale. Na pale, kwenye kiganja."

Tulifanya hivyo mpaka jua likavuka kichwa. Godelieve alikuwa akiloweka tope kwa kitambaa ili lisikauke, huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Mimi nilichokoa, Atem alichokoa, hata Sally alipewa njiti akachokoa shimo lake, viatu mkononi. Mashimo mengine hapakuja ndege. Tulifungua yale Arek aliyoweza kuyakumbuka, hivyo hivyo. Na kwenye mashimo kadhaa ndege waliingia, wakatoka tena na yule mdudu bado mdomoni. Mmoja nilimfuata kwa macho. Alizunguka, akatua juu ya mwiba, akakaa. Baadaye akaruka, akaingia na mdudu wake katika shimo la jirani, akatoka mdomo mtupu. Nikajikuta nalia kwa sauti, mimi mtu wa misumari.

Ukingo ulipotulia na ndege wakawa wanaingia na kutoka kama kwanza, Achai akanawa mikono kwenye karai. Akaenda akasimama mbele ya Sally.

"Nguo zao sijafunga," akasema. "Nisamehe. Nitafunga sasa."

Atem akamng'ang'ania mguu. Yar alikuwa amelala mgongoni kwa Godelieve, hajui lolote.

"Ngojeni kwanza!" Godelieve akapaza sauti. "Matofali yangu iko. Ya jiko yangu, imekauka, yote. Leo hii tunabeba. Jiko itangoja."

"Na mabati yapo," nikasema.

"Mama Mabati," Achai akasema.

"Nani amekuuliza? Nimesema yapo. Na fundi yupo, ananiogopa, kesho atakuwa hapa alfajiri."

Sally alikuwa akimtazama Arek. Alikuwa na faili mkononi, na najua katika faili ile, mahali pa Arek, kulikuwa kumeandikwa kwamba mtoto hazungumzi, maana ni yeye mwenyewe aliyeniambia. Akachuchumaa mbele yake.

"Arek. Nikikuuliza kitu utaniambia? Hapa, nani anawalea?"

Msichana alikuwa akijifuta vidole kwenye sare. Akafikiri. "Achai," akasema. "Na Godelieve. Na huyu wa mabati." Akanionyesha kwa kidevu, kama mtu anayeonyesha kitu cha kawaida tu. "Achai ndiye mama. Sisi wengine tunaleta."

Sally akabaki amechuchumaa. Upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi za faili na yeye hazizuii.

"Wiki mbili," akasema mwishoni, akisimama. "Nitakuja kuona paa. Lakini gari linarudi tupu. Watakaa."

Achai hakusogea. Mwanamke yule aliyemzika mtoto wake na kurudi kukanyaga udongo, aliyesema asante Lodwar bila jicho kulowa, alikuwa ameanza kutetemeka mabega.

"Sema tena," akamwambia Sally.

"Watakaa, mama."

"Wote tatu?"

"Wote watatu."

"Sema tena."

Akasema tena.